Mguu Usiojua Kushona

Baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi katika karakana ya viungo bandia ya hospitali yetu, fundi mkuu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Hafla ya kumuaga itafanyika saa nane mchana katika ukumbi wa chakula. Wanaojijua kwa kuchelewa wachukulie kwamba ni saa saba.

Kwa wageni watakaokishika kijarida hiki bila kumfahamu, yeye ni yule mzee mrefu mwenye penseli sikioni, ambaye wakati huohuo anaitafuta penseli yake mezani. Wengi tunamwita Kumi na Mbili. Katika ujia wa karakana kuna vyuma viwili vya kushikilia, kimoja kila upande, na kioo kirefu mwishoni. Kila aliyevalishwa mguu mpya alipita hapo. Akimaliza hatua kumi na mbili bila kushika chuma, fundi alisema anatembea, faili likafungwa na mwingine akaitwa. Hakuna aliyewahi kumwona akihesabu kwa sauti, wala akikosea hesabu.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na mitatu, akitokea kwenye useremala wa mjomba wake. Enzi hizo miguu ilichongwa kwa mbao. Mguu wake wa kwanza, mwenyewe anakiri, ulikuwa mzito hata mteja akauliza kama amepewa wa kutembelea au wa kumzuia asitoroke. Plastiki ilipokuja, nafasi ya mafunzo ilikwenda kwa mtu mwingine. Yeye akajifunza kwa picha za kijitabu kilichokuwa ndani ya boksi la vifaa, akiharibu na kurudia, mpaka yule aliyepelekwa mafunzoni aliporudi akakuta hana wa kumfundisha.

Alipokabidhiwa karakana, mgonjwa alikuwa akisubiri mguu miezi minane. Yeye aliushusha muda huo hadi wiki sita. Hilo si jambo dogo, na naomba msomaji asilipite haraka, kwa sababu huko mbele nitasema mengine. Miezi minane inatosha mtu kupoteza kazi, kuachwa na mchumba na kusahau namna ya kusimama. Kwa hesabu ya mafaili tuliyonayo, ametengeneza miguu zaidi ya elfu nne, na wengi walioletwa kwetu mgongoni kwa ndugu zao walirudi makwao wakitembea, huku ndugu ndiye amebebeshwa mizigo.

Vituko navyo havikukosekana. Kuna bwana mmoja aliyeomba mguu uongezwe sentimita tatu ili ampite shemeji yake kwa urefu. Alielezwa kwamba itabidi na mguu mzima urefushwe, akasema basi yaishe. Kuna pia mlinzi wa ghala ambaye mguu wake ulikuwa ukitoa mlio. Kumi na Mbili akautia mafuta, ukanyamaza, na wiki iliyofuata mlinzi akarudi kulalamika. Kumbe mwajiri wake, akiwa ndani, alijua mlinzi yuko macho kwa kuusikia ule mlio ukizunguka ghala. Sasa alikuwa akimtuhumu kwamba analala kazini. Fundi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwambia aende zake, mguu ni mzima.

Sasa nieleze jinsi wasifu huu ulivyoandikwa, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kijarida chetu kina utaratibu wake, ulioanzishwa na marehemu mtunza stoo aliyekuwa mhariri kabla yangu. Mstaafu husimulia maisha yake ya kazi mara tatu, siku tatu tofauti, tangu mwanzo hadi mwisho, na mhariri haruhusiwi kumkumbusha alichosema jana. Mtunza stoo alikuwa akisema kwamba mara ya kwanza mtu humsimulia bosi, mara ya pili huwasimulia watu wa nyumbani kwake, na mara ya tatu hujisimulia mwenyewe, na hiyo ndiyo ya kuandika. Mimi, ambaye kazi yangu hasa ni kufunga plasta ya kuchukua umbo la mguu uliokatwa, nilikuwa nauona utaratibu huu kama njia ya kunilia muda wa chakula cha mchana. Wastaafu wengi niliowaandika hadithi yao ya tatu ilikuwa ileile ya kwanza, iliyofupishwa na njaa.

Siku ya kwanza Kumi na Mbili alikuja amechana nywele. Alinipa tarehe, vyeti, barua ya pongezi, wiki sita, miguu elfu nne, shemeji na mlinzi. Akamalizia na kichekesho ambacho kila mtu wa karakana anakijua, nami nikakiandika kwa furaha, nikijua ndicho kitakachowachekesha ukumbini.

Kwa wasiokijua, ni hiki. Miaka kumi na tisa iliyopita alikuja mama mmoja, fundi cherehani, akatengenezewa mguu wa kushoto, chini ya goti. Akapita kwenye vyuma, hatua kumi na mbili, safi kabisa. Baada ya wiki mbili akarudi nao ndani ya mfuko, akiwa kwenye magongo, akasema mguu huu haushoni. Fundi akamjibu kwamba sisi tunatengeneza miguu ya kutembelea, na wa kushonea akaulize wanakouza vyerehani. Chumba chote cha kusubiri kiliangua kicheko. Tangu siku ile, kila mfanyakazi mpya akija huulizwa kama mguu wake unajua kushona. Mashine ya kukatia plastiki ikigoma, tunasema leo haishoni. Neno hilo limetutumikia muda mrefu kuliko mashine yenyewe.

Siku ya pili alisimulia taratibu zaidi, na akasema mengi ya nyumbani. Alikiri kwamba hata huko ana tabia ya kutoa jibu kabla swali halijafika mwisho. Watoto wake wanne wote wanaongea harakaharaka. Binti yake mkubwa, siku ya harusi yake, aliwaambia wageni kwamba walijifunza hivyo ili wawahi kumaliza kabla baba hajawapa suluhisho. Alisimulia huku akitabasamu, lakini tabasamu lilichelewa kuondoka usoni, akabaki nalo kama mtu aliyesahau kuvua kofia ndani ya nyumba. Alipofika kwa yule fundi cherehani alieleza alivyokuja, alivyosema, na kwamba alirudi nyumbani. Lile jibu lake lenyewe hakulisema. Nilidhani amelisahau, na utaratibu ulinizuia kumkumbusha.

Siku ya tatu alianza tena kwa mjomba na mbao zake. Alisimulia kwa kutua, huku akirudi nyuma kusahihisha vitu ambavyo mimi nisingevijali, kama vile nani alikuwa amekaa wapi. Alipofika kwa fundi cherehani akaweka kijiko chini. Akaniuliza, "Dada, yule mama tulimkalisha?"

Sikumwelewa. Akasema, "Siku alipokuja kuvaa. Tulimpitisha kwenye vyuma, akatembea. Kukaa je? Alikaa na mguu ule hata mara moja mbele yetu?"

Nilimwambia hapana. Hakuna tuliyewahi kumkalisha. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu anashona kwa cherehani akiwa amesimama.

Kisha akanieleza pole pole, ingawa sote wawili ni watu wa kazi hii na maelezo yalikuwa ya kujieleza mwenyewe. Cherehani ya kukanyaga inataka kifundo cha mguu kicheze, vidole vishuke, kisigino kishuke, siku nzima. Unyayo tuliompa ulikuwa mgumu, haukunjiki popote. Na kile kikombe cha plastiki kinachopokea kigutu, tulikuwa tukiupandisha ukingo wake wa nyuma ili kishike vizuri mtu akisimama. Ukikaa ukakunja goti, ukingo ule unakukata nyuma ya goti. Mama alikuwa amekuja kutuambia yote mawili, na aliyasema kwa maneno machache kuliko daktari yeyote. Mguu huu haushoni. Kuurekebisha kungetuchukua siku mbili.

"Miaka yote hii nimekuwa nikiisimulia nikiwa upande wa wanaocheka," alisema. "Leo ndiyo nimeisimulia nikiwa nimesimama alipokuwa amesimama yeye."

Hapa inabidi nami niseme langu, maana si haki kumwachia mzee peke yake. Siku ile nilikuwepo. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Mama yule alipoinama kuufungua mfuko wake, niliona nyuma ya goti lake mstari mwekundu, umechubuka, mrefu kama kidole. Niliuona vizuri. Nikasema moyoni kwamba utapona, nikaandika kwenye faili "anatembea vizuri" kama nilivyoagizwa, na saa ya chai mimi ndiye niliyekipeleka kichekesho mezani. Kwa hiyo kichekesho kile ni changu pia. Ninakijutia kuliko jambo lolote nililolifanya ndani ya jengo hili.

Kumi na Mbili aliniomba nifute miguu elfu nne. Nilikataa, kwa sababu ni kweli, na watu wale wanatembea. Akaniomba basi nisiuandike wasifu kwanza. Alikuwa amebakiza wiki tano, na alitaka kumtafuta yule mama.

Faili tulilipata kwenye boksi la tatu, stoo, baada ya kupiga chafya nyingi. Jumamosi iliyofuata tukaenda. Makazi yaliyoandikwa yalikuwa yamebadilika, lakini mwenye duka la mtaa ule alituonyesha nyumba nyuma ya duka la kutoa nakala, mlango wa bluu. Mpwa wake alitufungulia. Mama alikuwa ndani, amekaa kwenye kiti chenye mto, magongo yameegemea ukutani. Ana miaka kama sabini. Tulijitambulisha. Alimtazama fundi muda mrefu kidogo.

"Nakukumbuka," alisema. "Wewe ndiye uliyenituma wanakouza vyerehani."

Kumi na Mbili alisema amekuja kuomba msamaha. Alisema mengine pia, lakini kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, maneno yalimtoka bila mpangilio. Mama alimwacha amalize. Kisha akamwagiza mpwa wake alete mguu. Ulitoka kabatini, umefungwa kwa shuka la maua, na soksi yake bado mguuni, soksi nyeupe ya siku ile. Plastiki haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nimeshika miguu mingi iliyochakaa kwa kutumika, na sijawahi kuumia kuutazama mguu kama nilivyoumia kuutazama ule mpya.

Akatusimulia yale ambayo hatukumwacha asimulie. Alikuwa na oda za sare za shule mbili. Aliporudi nyumbani kutoka kwetu bila msaada, mumewe aliyekuwa amestaafu kazi ya bohari alivuta kiti akakaa kando yake, akauweka mguu wake yeye kwenye kikanyagio. Mume akanyage, mke aongoze kitambaa. Mwanzoni waligombana kutwa, maana bwana alikuwa akikanyaga kwa kasi ya mtu anayewahi gari. Baadaye akawa anamjua hata bila kuambiwa, kona hii apunguze, mshono huu aachie. Walishona hivyo miaka kumi na moja. Alipofariki, cherehani ikanyamaza. Aliiangalia mwaka mzima, kisha akampa binti wa jirani.

Kumi na Mbili alisema taratibu kwamba walau walipata miaka hiyo ya kukaa pamoja.

"Usijipoze na hiyo," mama alimwambia, bila ukali. "Yule mzee alikuwa na mgongo mbovu. Alistahili kupumzika."

 Kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika hapa kama alivyoyasema, kwa idhini yake.

"Mimi sikukusamehe, fundi. Nilizoea. Hivyo ni vitu viwili."

Ninamfahamu Kumi na Mbili miaka ishirini. Ningetegemea ajitetee, au atoe suluhisho, ndiyo tabia yake. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliitikia kwa kichwa. Akangoja mpaka chai ikaletwa, ikanywewa, vikombe vikaondolewa. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba maji kwenye nyumba ya watu asiowajua, kama angeruhusiwa kumtengenezea mwingine, na kama angeruhusiwa, ungekuwa wa kufanyia kazi gani.

Swali hilo halijawahi kuulizwa katika karakana yetu. Niliona hata mama mwenyewe limemshangaza. Alifikiri. Macho yake, alisema, hayaoni tena tundu la sindano, kwa hiyo kushona kumekwisha. Kutembea anatembea na magongo, si haba. Alitaka kukaa. Jioni majirani hukaa barazani wakipiga soga hadi giza, na yeye hukaa nao akiwa amejifunika upande mmoja kwa kitenge. Alitaka kukaa kama wenzake, miguu miwili chini, asiumie.

Kwa hiyo mguu wa mwisho wa Kumi na Mbili, baada ya miguu elfu nne ya kutembelea, ni mguu wa kukalia. Nilimfunga plasta mimi mwenyewe. Fundi aliutumia muda wake wote uliobaki kuutengeneza. Ukingo wa nyuma aliukata, akaupiga msasa, akamwita mama, akamkalisha nusu saa, akatazama ngozi, akakata tena. Alimwita mara nne. Kila mama alipokuja, fundi alimuuliza jambo kisha akangoja, na kungoja kwenyewe kulikuwa kazi ngumu, ungemwona anavyouma midomo. Unyayo aliuwekea kifundo kinachocheza. Mama hakuwa ameomba hicho.

Jumatano ya wiki iliyopita alikuja kuuchukua. Hatukumpeleka kwenye vyuma. Tulimwekea benchi ujiani, akavaa, akakaa, na Kumi na Mbili akakaa kando yake. Alikuwa ameweka saa moja nzima, na wagonjwa wengine waliambiwa wasubiri, jambo ambalo halijapata kutokea. Waliongea habari za majirani, bei za vitu, mpwa ambaye hataki kuolewa. Mimi nilikuwa nachanganya plasta mlangoni, nikijifanya sisikilizi.

Kama baada ya nusu saa nikauona ule mguu. Mama alikuwa akiendelea kuongea, hajui. Mguu wa kushoto ulikuwa unakwenda. Vidole chini, kisigino chini, vidole chini, kisigino chini, juu ya sakafu tupu, kwa mwendo uleule wa mtu anayeshona mshono mrefu ulionyooka. Kumi na Mbili aliuona pia, akaacha kuongea. Mama akafuata macho yetu, akatazama chini. Aliuacha uende kidogo, kisha akausimamisha kwa kuweka mkono juu ya goti.

Akasema, "Huu ndio niliokuja kuufuata siku ile."

 Kumi na Mbili alikaa naye mpaka saa ikaisha.

Kuanzia wiki hii faili letu lina mstari mpya juu kabisa, chini ya jina la mgonjwa: mguu huu unakwenda kufanya kazi gani. Unajazwa kwa maneno ya mwenye mguu, si yetu. Fundi ameomba mstari huo usipewe jina lake, na ombi hilo tumelikubali. Kile kichekesho tunaomba kisisimuliwe Ijumaa, hata na wale wanaokisimulia vizuri.

Kumi na Mbili, karakana inakushukuru kwa miguu yote uliyoitengeneza, pamoja na ule mmoja uliotuchukua miaka kumi na tisa. Tungependa kukutakia mapumziko yasiyo na mawazo, lakini tunakujua, na sasa tunajua pia kwamba mawazo hayo yamekufaa. Basi tunakutakia afya, watu wako wakuzunguke, na wanao waongee nawe polepole. Mimi nimebakiza miaka tisa. Kesho asubuhi nina wagonjwa sita, na nitaanza kwa kuwakalisha.